Kulewa bahari hutibiwa kabla boti haijang'oa nanga

Kila Juni inapoingia, shule zikiwa zimefungwa na upepo wa kusi umeshika nguvu, ombi moja hunifikia kliniki kuliko mengine yote yanayohusu safari: "Shikamoo daktari. Naomba uniandikie ile dawa ya kumlaza mtoto, tunavuka kwenda Unguja." Wengine hawafiki kwangu kabisa. Huishia duka la dawa la mtaani, wakapewa chupa ndogo ya dawa ya maji na maelekezo ya mdomo: mpe kijiko kimoja, atalala mpaka mfike.

Simlaumu mzazi anayeomba hivyo. Aliyewahi kukaa saa mbili kwenye boti, mtoto mmoja anamtapikia mapajani, wa pili analia, na abiria wa kiti cha nyuma ananung'unika kwa harufu, atakubali chochote kitakacholeta utulivu. Ila ombi lenyewe limekosewa, na wiki hii nataka kueleza kwa nini. Kumlaza mtoto na kumkinga asilewe bahari ni mambo mawili tofauti. Tena mtoto tunayemlaza mara nyingi ni mchanga ambaye hahitaji dawa hata kidogo, na ndiye anayeweza kudhurika nayo kuliko abiria mwingine yeyote.

Tuanze na kinachotokea mwilini, maana bila hilo ushauri wote utakaofuata utaonekana ni masharti ya daktari tu.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma, kuna mirija mitatu midogo iliyopinda kama pete, imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo hubaki nyuma kidogo, yakagusa vinyweleo laini, na ubongo ukapata habari kwamba tumegeuka. Jirani yake kuna vifuko viwili vyenye chembechembe ndogo za chokaa. Hivyo kazi yake ni kupima kupanda, kushuka na kuinama. Tukiwa nchi kavu, habari za sikio, za macho na za misuli ya miguu hulingana. Ndani ya boti iliyofungwa vioo, macho yanatazama kiti cha mbele na runinga iliyotundikwa ukutani, yanauambia ubongo: tumetulia. Sikio linasema: tunapanda, tunashuka, tunalala upande. Ubongo hupokea taarifa mbili zinazopingana, na matokeo yake mnayajua. Miayo, mate kujaa mdomoni, uso kupauka, jasho baridi, kigegezi, halafu mfuko.

Kwamba chanzo ni sikio, na si tumbo wala woga, kulithibitishwa kwa namna inayochekesha kidogo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Jeshi la Wanamaji la Marekani pamoja na NASA waliwatumia katika majaribio wanaume viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet, Washington. Karibu wote walikuwa wamepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao uliwaharibia pia ile sehemu ya sikio inayopima mwendo. Wakapandishwa chombo kwenye bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia, Kanada. Viziwi wale walicheza karata na kupiga soga kwa ishara. Watafiti ndio waliougua, hadi jaribio likakatishwa.

Jambo jingine linalofaa kujulikana ni kwamba mwendo unaolevya zaidi si ule wa haraka. Ni wa polepole, wa kupanda na kushuka mara moja katika kila sekunde tano hivi. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo asihisi chochote, lakini wimbi pana la kusi likambwaga. Wanaovuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba wanajua ninachosema, na ndugu zetu wa Ziwa Victoria nao hawajasalimika kwa kuwa maji yao ni baridi na hayana chumvi.

Sasa nani hulewa? Karibu kila mtu mwenye sikio zima, bahari ikichafuka vya kutosha. Lakini hatulewi kwa kiwango kimoja. Wanawake hulewa zaidi ya wanaume, na zaidi tena wakiwa wajawazito au siku zao zikikaribia. Wenye kipandauso hulewa haraka. Wazee hulewa kidogo kuliko vijana. Na kwa watoto kuna jambo ambalo ningependa kila mzazi alikate kwenye gazeti akalibandike jikoni: mtoto wa chini ya miaka miwili hulewa bahari mara chache sana. Tatizo huanza baada ya umri huo, hupanda, na hufikia kilele kati ya miaka 7 na 12 hivi, kisha hupungua kadiri anavyokua.

Kwa hiyo mtoto wa miezi minane anayepewa kijiko cha dawa bandarini anatibiwa ugonjwa ambao kwa umri wake haumpati. Analia kwa joto, kwa kelele, kwa njaa, kwa masikio, kwa kubanwa kwenye mbeleko tangu saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni shida za kweli, lakini dawa yake ni ziwa, maji, hewa na mikono ya mtu mwingine wa kumpokea mama. Na mtoto wa umri huo akitapika mfululizo ndani ya boti, usiseme "ni bahari" ukanyamaza. Tafuta sababu nyingine: homa, malaria, sikio linalouma, tumbo la kuendesha. Ukishuka, nenda naye kituo cha afya.

Dawa anayopewa mara nyingi ni promethazini, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Phenergan. Ni dawa nzuri kwa kazi yake na kwa mtu wake. Kwa mtu mzima huzuia kulewa bahari vizuri, na usingizi ni adha inayokuja pamoja nayo; usingizi huo siyo tiba. Kwa mtoto mchanga, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi bado ni changa, na dawa hii inaweza kuipunguza kasi mpaka isimame. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru promethazini iwekewe onyo la daraja la juu kabisa: isitumike kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu kuna watoto waliokufa kwa kushindwa kupumua. Kwa waliovuka umri huo onyo linataka dozi ndogo kabisa inayofaa, na isichanganywe na dawa nyingine zinazopunguza pumzi.

Hapo kwenye kuchanganya ndipo ninapoogopa zaidi. Dawa nyingi za maji za mafua na kikohozi zina ndani yake dawa ya ukoo huohuo wa promethazini. Mtoto ana mafua tangu Jumatatu, anapewa dawa ya kikohozi asubuhi, kisha bandarini anaongezewa kijiko cha "dawa ya safari". Mzazi anaona amempa dawa mbili za shida mbili. Mwili wa mtoto unaona dozi mbili za kitu kimoja. Halafu anafunikwa khanga mpaka usoni kumkinga na kiyoyozi, kila mtu anashukuru kwamba hatimaye amenyamaza, na hakuna anayehesabu pumzi zake. Akitapika akiwa katika usingizi wa namna hiyo, hana nguvu ya kukohoa matapishi yasiingie kwenye mapafu.

Baadhi ya watoto, kwa kinyume kabisa, wakipewa dawa hii hawalali. Huchachamaa, wakalia na kurukaruka safari nzima. Wazazi waliokutana na hilo hawarudii, nami huwaambia wamshukuru Mungu kwa somo rahisi.

Nije kwa watu wazima na watoto wakubwa, ambao kwao dawa ina nafasi yake. Kabla sijataja ipi, nitaje zisizofaa, kwa sababu nyingi mnauziwa. Buscopan haizuii kulewa bahari. Mkanganyiko unatokana na jina: ipo hayosini ya aina ya hidrobromaidi, ambayo hufika kwenye ubongo na kuzuia kigegezi, na ilikuwemo kwenye vidonge walivyogawiwa wanajeshi waliovuka kwenda Normandy Juni 1944. Buscopan ni hayosini ya aina nyingine, butilibromaidi. Yenyewe hutuliza msokoto wa tumbo, na haipenyi kwenye ubongo kwa kiasi cha maana. Plasil, yaani metoklopramidi, nayo haisaidii kwa kigegezi cha mwendo, hata kama ilikusaidia ulipotapika kwa malaria. Ondansetroni, hali kadhalika. Na dawa za mzio za kisasa zisizoleta usingizi, kama setirizini na loratadini, hazifai kwa kazi hii kwa sababu ileile inayofanya tuzipende: haziingii sana kwenye ubongo.

Zinazofaa ni dawa za mzio za kizamani. Uhusiano huo uligunduliwa kwa bahati mwaka 1947 katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Mama mjamzito aliyekuwa akitibiwa vipele vya mzio aliwaambia madaktari wake kwamba tangu aanze dawa ile mpya, hatapiki tena anapopanda tramu. Mwishoni mwa mwaka huohuo dawa ikajaribiwa kwa wanajeshi waliosafiri kwa meli ya General Ballou kutoka New York kwenda Bremerhaven, ikafanya kazi. Ndiyo dimenhidrineti, inayouzwa hadi leo kwa jina la Dramamine. Inanifurahisha kwamba tiba hii ilianza kwa mgonjwa aliyesema jambo ambalo hakuulizwa, na kwa daktari aliyelisikiliza.

Katika maduka yetu ya dawa, mtakayoikuta kwa urahisi ni sinarizini, maarufu kwa jina la Stugeron. Mtu mzima mwenye afya humeza kidonge kimoja cha miligramu 25, saa moja hadi mbili kabla ya kuondoka. Promethazini ya miligramu 25 kwa mtu mzima inaweza kumezwa usiku wa kuamkia safari, au saa moja hadi mbili kabla. Hii ya pili ina usingizi mzito zaidi, kwa hiyo usimeze kama utashuka na kuendesha gari, na usichanganye na pombe. Kwa mtoto, sitaandika dozi gazetini. Inategemea umri na uzito. Sinarizini haifai kwa aliye chini ya miaka mitano, na nyingine zote zisiguswe kwa aliye chini ya miaka miwili. Nenda na mtoto, apimwe uzito, mfamasia au daktari akuandikie kwa kalamu na upimiwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Nilipima vyangu, vikatofautiana karibu mara mbili.

Wapo ambao hawapaswi kumeza hata hizi bila kumwona daktari. Mzee mwenye tezi dume anaweza kuzibwa mkojo. Mwenye presha ya macho anaweza kuamsha maumivu makali. Mwenye ugonjwa wa Parkinson asiguse sinarizini, maana huzidisha kutetemeka na kukakamaa. Mjamzito aulize kliniki. Dawa zipo, lakini si za kujichagulia dirishani. Na mwenye kisukari anayechoma insulini apange safari yake mapema na daktari: ukichoma dozi yako asubuhi kisha ukatapika chai yote baharini, sukari itashuka, na dalili za kushuka kwa sukari, yaani jasho baridi, kutetemeka na kuchanganyikiwa, zitafanana kabisa na za bahari. Awe na glukosi au soda yenye sukari mfukoni, na amwambie jirani yake.

Nirudi kwenye muda, kwa sababu hapa ndipo wengi hupoteza pesa na dawa. Tumbo la mtu aliyeanza kuhisi kigegezi huacha kusukuma chakula kwenda mbele. Kidonge utakachomeza wakati huo kitakaa humo kama jiwe, kisha kitatoka pamoja na chai. Kwenye kila safari namwona abiria anayefungua pochi boti ikiwa imeshatoka bandarini na mawimbi ya kwanza yamepiga, akameza kidonge kwa maji, na dakika kumi baadaye anaomba mfuko. Baadaye husema dawa ile ni feki. Dawa haina kosa, ilichelewa. Kama boti inaondoka saa moja asubuhi, dawa humezwa nyumbani, kabla hujaita bajaji.

Kiti nacho ni dawa, na hakina madhara. Chombo huyumba kama mbao ya bembea: ncha hupanda na kushuka, katikati hutulia. Mbele ni kubaya zaidi. Kaa katikati, chini, au nyuma ya katikati. Kwenye boti nyingi ghorofa ya juu ndiyo yenye tiketi ghali, na ndiyo inayoyumba zaidi. Mtu analipa nyongeza ili atapike kwenye kochi laini. Ukiruhusiwa kukaa nje kwenye sitaha, kaa, ila mtoto ashikwe mkono muda wote. Tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, au kisiwa, au jahazi lililo mbali. Macho yakiona upeo unavyoinama, hukubaliana na sikio, na ugomvi hupungua. Usipopata dirisha, laza kichwa kwenye kiti, kisitingishike, ufumbe macho. Kufumba macho ni bora kuliko kutazama sinema.

Na simu. Mtoto wa miaka tisa anayetazama katuni kwenye simu iliyoshikwa magotini amewekewa kila kitu kinachohitajika ili atapike: kichwa kimeinama, macho yamefungwa kwenye kioo kidogo, sikio linapigwa na mawimbi. Mpe mchezo wa kuhesabu ngalawa. Mwimbishe. Mpakate akitazama mbele, dirishani, si akiwa amegeuzwa kifuani kwako.

Chakula kisiwe kingi wala tumbo lisiwe tupu. Mkate mkavu, ndizi, uji mwepesi, saa moja au mbili kabla. Wanaorudi Dar kutoka Unguja hupenda kuaga Forodhani kwa bakuli la urojo. Nami naupenda, lakini ule jana yake. Tangawizi ina ushahidi wa hapa na pale, baadhi ya majaribio yameonyesha inasaidia kidogo, mengine hayakuona tofauti. Haina madhara kwa watu wengi, kwa hiyo anayetaka kutafuna kipande atafune. Ndimu ya kunusa huzuia harufu ya jirani, na hilo si jambo dogo. Vile vikuku vya kubana kifundo cha mkono, vilipopimwa kwa kulinganishwa na vikuku bandia, kwa sehemu kubwa havikuonyesha tofauti. Pesa yako bora ununue ORS.

Maana ikitokea umetapika, kazi iliyobaki ni maji. Kunywa kidogokidogo, funda moja moja, ORS iliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza. Mtoto apewe kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, akitapika subiri dakika kumi uanze tena. Usitapikie kwenye reli za pembeni ukiwa umeinama nje, hata kama wenzako wanafanya hivyo. Mtu mwenye kizunguzungu, kwenye sitaha iliyolowa, chombo kinalala upande, hahitaji kusukumwa na mtu ili aanguke. Tumia mfuko.

Na yapo matapishi ambayo si ya bahari. Mtu wa makamo anayetoka jasho baridi na kulalamika kifua kinabana, au maumivu yanashuka mkono au kupanda taya, anaweza kuwa na shambulio la moyo, nalo halisubiri bandari bila mabaharia kuambiwa. Maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, ulimi kuwa mzito, damu kwenye matapishi, homa, mtoto aliyelegea au asiyekojoa: hayo yote mwambie mhudumu wa boti, na ukishuka nenda hospitali moja kwa moja. Kulewa bahari kwa kawaida hupoa muda mfupi baada ya kukanyaga nchi. Kama saa kadhaa baadaye bado unatapika, tafuta sababu nyingine. Kuhisi ardhi inayumba usiku wa kwanza kitandani ni kawaida na hupita.

Nina neno kwa wenye vyombo. Huduma kwa abiria anayelewa, kwenye boti nilizopanda, huanza pale mabaharia wanapopita na mifuko, na huishia hapo. Wanafanya kazi hiyo kwa upole, na wala si kazi nyepesi. Lakini wakati huo dawa imeshachelewa. Tiketi nyingi siku hizi hutumwa kwa simu. Ujumbe huohuo unaweza kubeba sentensi tatu: bahari kesho inatarajiwa kuchafuka, anayelewa ameze dawa mapema kwa ushauri wa mfamasia, usimpe mtoto mchanga dawa ya usingizi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2. Kwa nini habari hiyo isimfikie mama anayekata tiketi, aamue kusafiri asubuhi mahali pa alasiri, au kuahirisha hadi keshokutwa? Viti vya katikati chini viwekwe akiba kwa wajawazito na wenye watoto. TASAC kwa upande wa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar wanaweza kulifanya hili kuwa sharti, na halitagharimu hata bei ya mifuko.

Sisemi haya kwa sababu ya usafi wa viti. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011, MV Skagit ikazama Julai 2012, mwezi wa kusi. Kila anayevuka tangu hapo anajua kwamba maelekezo ya jaketi la kuokolea si mapambo. Mtu aliyelewa bahari sana hafanyi haraka kuvaa chochote. Wengine huwaambia wenzao wazi kwamba hawajali tena litakalotokea. Na mtoto aliyelazwa kwa dawa hawezi kushika shingo ya mama yake.

Wanaume huja kliniki kwangu wakisema ni mke ndiye anayelewa, kisha wakiwa mlangoni wanauliza kama kuna dawa inayowafaa "na wengine". Ipo. Admirali Nelson, aliyeishi vitani baharini, alilewa maisha yake yote. Charles Darwin alilewa karibu miaka mitano mizima aliyosafiri na meli ya Beagle, kuanzia 1831 hadi 1836. Mgonjwa wangu mmoja, mzee aliyevua samaki tangu utoto, aliniambia akikaa nchi kavu mwezi mzima kwa sababu ya goti, siku ya kwanza akirudi baharini hulewa kama mwanafunzi. Siku ya tatu imekwisha. Mwili huzoea, lakini safari ya saa mbili haitoi nafasi hiyo.

Kwa hiyo kama unavuka Ijumaa na kurudi Jumapili, nunua vidonge vya kwenda na vya kurudi kwa pamoja, viandikwe jina na saa kwenye bahasha, na weka kengele ya simu kwa siku ya kurudi, saa mbili kabla ya boti. Watu hukumbuka kinga wakiwa wanaondoka nyumbani. Wakirudi huwa wamechelewa, wamebeba mizigo ya karafuu na zawadi, na ndipo utawakuta wanaomba mfuko mbele ya Chumbe.